Kisanduku Kilicholia Nikionja Achari

Sipendi kuisimulia habari hii, lakini ukipita Kyebando ukamtaja Baba Imani muuza achari, hujamaliza kulitaja jina utasikia mtu amesema "piii" na wenzake wameangua kicheko, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenye aibu yangu kuliko kuwasikia wale ambao kila wakiisimulia wanaongeza chumvi, hata wengine siku hizi wanasema eti nilizimia, na mimi sikuzimia (ningezimia ingekuwa nafuu, maana mtu aliyezimia hasikii anavyochekwa).

Mnijue kwanza. Mimi ni Mluhya wa upande wa Kakamega, nikaja Kampala kwa binamu yangu aliyekuwa na kazi ya viatu, viatu vikanishinda, nikaangukia kwenye achari, ambayo mama yangu alijifunza kwa Wahindi aliowafanyia kazi kule Kisumu na mimi nikajifunza kwake kwa kumchungulia. Naitengeneza nyumbani Kyebando: embe mbichi, ndimu, mafuta, vitunguu saumu na kamulali, ile pilipili ndogo ya hapa ambayo udogo wake unawadanganya wageni, halafu naibeba kwa ndoo hadi Bwaise ninakouzia, na mvua ikinyesha maji yakapanda mpaka barazani naziinua ndoo juu ya mbao na biashara inaendelea. Na nina msemo wangu, wateja wote wanaujua: "Ulimi inauchoma, tumbo hailijui." Msemo huo ndio umenilisha miaka yote, maana wengi hapa wanaiogopa pilipili kwa sababu ya tumbo, kila mtu ana alsa, vidonda vya tumbo, au ana shangazi mwenye alsa, na mimi nikiwaambia tumbo hailijui wanatulia na kununua.

Lakini maneno matupu hayatoshi. Huku ukimkaribisha mtu kinywaji unaonja wewe kwanza mbele yake, aone hukukitia kitu, ni desturi ya siku nyingi, na wateja wangu wameifikisha desturi hiyo mpaka kwenye achari: mteja anasimama, anakutazama, anasubiri, nawe unachota, unaonja, unatabasamu, ndipo anatoa kopo lake. Kwa hiyo tangu asubuhi hadi jioni kazi yangu ni kuonja na kutabasamu.

Basi ndipo kikanijia kiungulia, na si kile cha kula mihogo mibichi ukanywa maji kikapita, hapana, kilikuwa moto unaoanzia chembe cha moyo ukipanda hadi kooni pamoja na maji machungu, nikiamka asubuhi sauti imekauka kama nilikuwa nashangilia mpira. Mke wangu Nekesa hakuhitaji hospitali kujua sababu. "Baba Imani," akasema, "unauza moto, unaonja moto, halafu unashangaa unaungua." Nikamwambia moto huo ndio unaosomesha watoto. Akasema nguo za mitumba za watoto nazo zinasomesha, na hazichomi mtu, na tangu siku hiyo kila kiungulia kilichonishika kilikuwa ushahidi wake. Mwisho tukakubaliana kwamba hospitali ndiyo itakayoamua: ikionekana ni pilipili, ndoo naziosha, nauza nguo za watoto. Nilikubali haraka kwa sababu nilijua siyo pilipili. Yaani nilidhani najua. Na ndani yangu, niwaambie ukweli, nilikuwa na hofu kubwa, kwa sababu mtu aliyesema miaka yote tumbo hailijui, tumbo likija kusema linaijua, huyo ataitwa nani?

Sasa mimi nina ugonjwa mwingine ambao hauna dawa, nao ni wa kutaka kujua. Nikipanda gari nitamuuliza dereva ile taa nyekundu ni ya nini. Kwa hiyo hospitali (iko mjini, siitaji jina, hawakunikosea lolote) niliifurahia kama mtoto aliyepelekwa kwenye maonyesho. Wakaanza na moyo, kwa sababu maumivu ya kifuani hayapuuzwi, wakanibandika waya kifuani na karatasi ikatoka na milima midogo midogo, nikauliza kila mlima ni wa nini, moyo ukawa salama. Wakanipima wale vijidudu wa tumboni wanaoleta vidonda, hawakuwepo. Siku nyingine nikanywa dawa nyeupe nzito, kama mtu aliyekoroga chaki, huku nimesimama mbele ya eksirei, nikaiona kwenye kioo inateremka ndani yangu mwenyewe, na nikaomba wanirudishie niitazame tena. Halafu ikaja kamera, ule mpira mrefu unaopitia mdomoni, nayo nikauliza kama naweza kutazama wakati inateremka, na daktari akanijibu, "Mzee, na hii ikiwa kooni maswali utaniuliza kwa mdomo upi?" Hawakuona kidonda. Wakaona wekundu kidogo tu.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke kijana mwenyeji wa Tororo, Kiswahili chake kile cha mpakani, akanieleza kwamba watu wengine wanaungua bila kidonda kuonekana, na kwamba kimebaki kipimo kimoja ambacho hakitazami, kinasikiliza. Mrija mwembamba kuliko mrija wa soda unapitishwa puani, unateremka hadi karibu na mlango wa tumbo, kwenye ncha yake kuna kitu kinachohisi asidi ikipanda, na huku nje umeunganishwa na kisanduku kidogo kinachokaa kiunoni siku nzima na usiku wake, kikiandika. Nikamwambia anitie huo leo leo. Akacheka, akasema kwanza niache vidonge vyangu vya kupunguza asidi kwa siku kadhaa, nirudi.

Nikarudi nikiwa naungua kama tanuri. Akanipaka dawa ya ganzi puani, akanipa maji na kuniambia "meza, meza, meza," na mrija ukapita huku machozi yananitoka bila kulia. Akaubandika kwa plasta puani na shavuni, akaupitisha nyuma ya sikio, ukaingia ndani ya shati hadi mkandani. Kisanduku kilikuwa na vitufe vitatu: chenye kijiko, ubonyeze ukianza na ukimaliza kula, chenye kitanda, ubonyeze ukilala na ukiamka, na chenye alama ya moto, ubonyeze kila ukihisi kiungulia. Kila ukibonyeza, kinajibu piii, ujue kimesikia.

"Na nisipobonyeza hicho cha moto?" nikauliza.

"Asidi ikipanda mashine itaiona tu. Lakini haitajua kama wewe umeihisi. Ninachotaka ni kulinganisha, yale inayoyaona yenyewe na yale unayoyasikia wewe. Kwa hiyo uwe mkweli nayo."

"Na nikae nyumbani ninywe uji?"

"Ukikaa nyumbani ukinywa uji, mashine itaniletea habari za mtu mwingine. Ishi kama kawaida yako, kula kama kawaida yako. Usioge tu."

Nilitoka pale nikiwa na furaha ya ajabu, mtu mwenye waya puani anafurahi, watu wananipisha njia. Hata sijafika stendi simu ikalia, na alikuwa Hajati.

Hapa lazima mumjue Hajati, kwa sababu bila yeye hakuna aibu. Hajati Zaina ni Mnubi, babu yake mzaa baba alikuwa mmoja wa wale askari wa zamani waliotoka Sudani, na yeye ni mpishi wa harusi ambaye Kyebando nzima, na mbali zaidi, ukitaka watu waikumbuke harusi yako unamwita. Harusi ikipikwa na Hajati, wageni wanauliza kila kilichokuwa mezani kilitoka kwa nani. Nilikuwa nimemtafuta kwa muda mrefu sana, nikimpelekea vichupa, nikimsalimia watoto wake, na alikuwa ameniambia nije Jumamosi wapishi wake waionje achari yangu, wakiipenda itaingia kwenye harusi zake zote. Sasa akasema, "Baba Imani, Jumamosi sitakuwepo. Wanawake wangu wote wako hapa leo wanamenya vitunguu. Njoo leo."

Nikampigia Nekesa. Akasema, "Mwambie unaumwa. Ni kweli, unaumwa." Neno dogo tu hilo, na mpaka leo ninaliota. Lakini mimi nikafikiri hivi: nikimwambia Hajati naumwa, atauliza naumwa nini, nami niseme kiungulia, muuza pilipili? Tena daktari mwenyewe ameniambia niishi kama kawaida yangu, na kawaida yangu ni nini kama si kuonja achari? Na zaidi ya yote (hili Nekesa sikumwambia) nilitaka kujua. Nilitaka mashine iione achari yangu ikipita, iandike, ili nikirudi nyumbani niwe na jibu. Nikavaa barakoa iliyokuwa imebaki mfukoni tangu enzi za korona, nikapandisha ukosi wa koti kufunika waya, kisanduku nikakitoa mkandani nikakitia mfukoni mwa suruali, nikapitia nyumbani kuchukua ndoo, nikapanda boda.

Uani kwa Hajati walikuwepo wanawake wengi, wamekaa mikekani kuzunguka milima ya vitunguu, macho yao mekundu tayari. Hajati alikuwa kwenye kiti chake, kanga begani, miguu imenyooshwa. Nikasalimu, nikaweka ndoo na simu yangu juu ya meza ndogo, nikatoa msemo wangu kwa sauti nzuri: "Ulimi inauchoma, tumbo hailijui." Wakacheka vizuri, kicheko cha watu wanaokupenda. Ndipo Hajati akasema, "Haya, onja. Na hicho kitambaa cha mdomoni kitoe, utaonjea masikioni?"

Nikashusha barakoa hadi kidevuni na kugeuza uso upande. Plasta ikaonekana. Nikasema nilijikwaruza na msumari. Puani? Ndiyo, puani. Hakuna aliyeendelea kuuliza, ila mmoja aliyekaa karibu na meza, Nalongo, yaani mama wa mapacha, Mganda mwenye mikono mikubwa na jicho lisilolala, aliacha kumenya.

Wakanipa gurusa, chapati laini ya Kinubi, nikachota achari ya ndimu nikala mbele yao. Nikatabasamu. Na palepale, kama kuna mtu aliyekuwa ananisubiri, moto ukaanza chembe cha moyo ukapanda. Sasa hebu mniweke kwenye mizani. Mkono wangu uko mfukoni, kidole kiko juu ya kitufe, wanawake wote wananitazama, daktari ameniambia niwe mkweli, na mimi mwenyewe nataka kujua. Nikabonyeza.

Piii.

"Nini hiyo?" akauliza Hajati.

"Simu tu, Hajati."

Nalongo akanyoosha kidole chenye maganda ya kitunguu. "Ssebo, bwana, simu yako si iko hapa kwa meza?"

"Ninayo nyingine," nikasema, na hapo ndipo niliponunua matatizo kwa jumla, kwa sababu Hajati akasema basi ipokee, usimfungie mtu simu, pengine ni mke wako. Nikasema si ya kupokea, ni ya ujumbe. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu siku hiyo ilikuwa fupi kuliko ua wa Hajati.

Wakanisogezea achari ya embe. Nikala. Nikatabasamu, tabasamu limeanza kutetemeka. Moto. Nikajiambia usibonyeze, halafu nikajiambia nisipobonyeza kipimo kitaharibika, mrija wote ule wa puani utakuwa wa bure, na kidole kikaamua chenyewe. Piii. Nikachota ya tatu, ile ya kamulali tupu, nikiwa tayari natoka jasho la puani na plasta inaanza kuachia. Piii.

Nalongo akaweka kisu chini. "Hajati," akasema taratibu, kama mtu aliyegundua mwizi wa kuku, "huyu mzee akikula, hii kitu inalia."

"Ujumbe," nikasema.

"Kale, sawa," akasema Nalongo. "Mpe maji."

Wakanipa maji. Nikanywa, ua mzima umenyamaza, hata kisu hakisikiki. Hakikulia. "Mpe gurusa kavu." Nikala gurusa kavu. Hakikulia. Wanawake wakaanza kusogea na mikeka yao, na nawaambieni hapo nilikuwa bado naweza kusema nina haraka nikaondoka, lakini niliwatazama nikaona nyuso zao, na zilikuwa uso wangu mimi ninapomuuliza dereva habari za taa nyekundu. Walitaka kujua. Sikuwa na nguvu ya kuwanyima.

"Sasa mpe piripiri," akasema Nalongo.

Wakanipa, kijiko kizima, si cha kuonja. Na niliipokea nikiwa nimeapa kwamba hata moto ukifika utosini sitabonyeza. Lakini pilipili ile ilikutana na mrija kooni, sijui walisalimianaje, ikanishika kwikwi. Kwikwi kubwa ya mwili mzima, na mkono uko mfukoni umekishika kisanduku kwa hofu, kwa hiyo kila kwikwi ikija kidole kinabonyeza. Kwik, piii. Kwik, piii. Kwik, piii. Nikajaribu kuutoa mkono, ukakamatwa na mfuko, nikavuta, koti likafunguka, ukosi ukaanguka, plasta ya shavuni ikaachia, na waya ukaning'inia mbele ya Hajati na wapishi wake wote, umetoka puani umeingia kwenye suruali.

Mama mmoja akakimbia. Mwingine akaita jina la Mungu. Nalongo hakukimbia, alinisogelea akaufuata waya kwa jicho kutoka juu mpaka chini, akauliza kwa upole, "Bambi, pole. Hii inaenda mpaka wapi?"

Nikawaambia yote. Ningefanya nini? Niliwaambia kiungulia, niliwaambia Nekesa na nguo za mitumba, nikawaonyesha kijiko, kitanda na moto. Wakauliza maswali mazuri kuliko yangu: kama nikicheka inaandika, kama inajua tofauti ya kitunguu na ndimu, kama mtu akikasirika asidi inapanda. Kila mmoja akaanza kueleza moto wake unaanzia wapi. Kwa muda mfupi nikasahau kabisa kwamba nimeaibika. Hajati peke yake hakuuliza kitu, alikuwa ameweka mkono wake kifuani, ananitazama.

Halafu akasema, bila ukali, na ndiyo maana iliuma: "Baba Imani, tumbo lako wewe mwenyewe limeijua. Mimi nitawapaje wageni wa watu?"

Nikafunga ndoo. Nikiwa langoni kwikwi ikanirudia, nikasikia nyuma yangu mtu amesema "piii," na kicheko kikapasuka. Kicheko hicho kilitangulia kufika Bwaise kabla yangu.

Kesho yake nikarudi hospitali nikiwa mtu aliyekwisha kuhukumiwa, nikamwambia daktari atoe tu, jibu nimelipata. Akautoa mrija, akakiunganisha kisanduku na kompyuta, akatazama mistari kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka peke yake. "Mzee, jana mchana ulikuwa wapi? Hapa umebonyeza kama mtu anayejifunza tarumbeta."

Nikamweleza. Alipomaliza kufuta machozi akaugeuza uso wa kompyuta nami nikavuta kiti, kwa sababu hata katika huzuni nilitaka kuona. Akanionyesha: huku juu ni vidole vyangu, piii baada ya piii, na huku chini ni asidi, na asidi muda wote ule ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Haikupanda hata mara moja nilipokuwa kwa Hajati.

"Lakini ilinichoma, daktari."

"Pilipili ikipita kooni inachoma, hilo halihitaji mashine. Na mtu anayetazamwa na wanawake wote hao hata maji yatamchoma. Sasa tazama hapa." Mstari ukainuka kama ukuta. Ilikuwa baada ya chakula cha jioni, nilipokula ugali wangu mkubwa na chai ya maziwa nikajinyoosha palepale. Ukainuka tena alfajiri, nilipofunga mkanda kwa nguvu nikainamia kinu kutwanga kamulali. "Na hapa," akasema, "hukubonyeza kitu."

Kwa hiyo nilipokuwa nikiungua kweli sikujua, na nilipopiga kelele haikuwa asidi. Daktari akanionya hiyo ni habari ya tumbo langu tu, si ya kila tumbo, nisiende kuitangaza barabarani, akaniambia nile mapema, nisilale juu ya chakula, mkanda nilegeze, na kinu nikiinue juu ya meza. Nekesa aliposikia akasema hospitali imeamua, hana neno. Ila aliongeza ugali nipunguziwe, na hilo akalitekeleza usiku huo huo.

Lakini ushindi wangu nitaupeleka wapi? Mashine ilinitetea, na hakuna aliyekuwepo kuisikia. Bwaise wateja wakija ninachota, naonja, natabasamu, na wao wanasema "piii" wanaondoka wakicheka. Ndoo zikaanza kurudi nyumbani zimejaa. Kwa siku nyingi nikawa nahesabu nguo za watoto kichwani, nikiumia, mpaka nikaona bora niende kwa Hajati nimweleze mara moja tu, anicheke, yaishe.

Nikamkuta peke yake jikoni. Nikamweleza mistari, wa juu na wa chini. Akasikiliza yote, akauliza, "Kwa hiyo ilikuchoma, na haikukuchoma?" Nikasema ndivyo. Nikangoja kicheko. Badala yake akatazama mlangoni kama kuna mtu, akasema kwa sauti ndogo, "Huyo daktari wako, anapokea watu wazima kama mimi?" Na ndipo nikajua kwamba Hajati Zaina, anayelisha harusi za watu, kwa miaka mingi analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na biriani yake mwenyewe anaipika kwa kunusa, haili. Hakuwa amemwambia mtu. Nani atamwita mpishi asiyekula chakula chake? Nilimwelewa kabisa, kuliko ndugu yangu.

Mimi mwenyewe nilimpeleka. Na siku aliyowekewa mrija hakwenda nyumbani kujificha. Alinipigia, akasema, "Leta ndoo."

Nikafika uani, wanawake walewale, vitunguu vilevile, na Hajati kwenye kiti chake, uso wazi, plasta puani bila kuificha, waya nyuma ya sikio kama kipuli, na kisanduku amekiweka juu ya kanga pajani ambapo kila mtu anakiona. Akaomba gurusa. Akachota achari yangu ya kamulali mwenyewe, kijiko kizima. Nalongo akaacha kumenya, wote wakaacha. Hajati akatafuna, akameza, na nikauona, mimi ninayejua, nikauona ule moto ukimpanda, shingo ikakaza, macho yakajaa maji. Tukangoja. Kisanduku kimya. Akameza tena, akavuta pumzi, akamtazama Nalongo, akanitazama mimi, akasema, "Ulimi imeuchoma. Andika ndoo mbili kwa harusi ya mjukuu wangu."

Wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa natazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa imeshika mikono ya kiti, kwa nguvu, mbali na kitufe, na haikusogea mpaka maji yalipokauka machoni.

Daktari alimgombeza sana kesho yake kwa kutobonyeza. Mimi nimeapa mambo mawili tu, sitalala tena juu ya ugali, na sitaingia tena kwenye ua wa wanawake nikiwa na kitu mfukoni kinachosema ukweli. Wakiniambia "piii" huko njiani, siku hizi nacheka nao.